Kinga si maji ya mtungi

Tarehe 6 Oktoba 2025, Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba ilitangazwa kwenda kwa watafiti watatu: Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, pamoja na Shimon Sakaguchi wa Japani. Wengi niliozungumza nao tangu siku hiyo waliipokea habari hiyo kwa ufupi, kwamba kuna watu wametuzwa kwa utafiti wa kinga ya mwili, na swali lililofuata likawa lile lile: dawa ya kuongeza kinga itatoka lini? Najua swali hilo linakotoka. Ila linaupindua ugunduzi wenyewe juu chini, kwa sababu watatu hawa walituzwa kwa kuonyesha jinsi mwili unavyoizuia kinga yake isiuangamize. Nitadai hapa kwamba ile picha tuliyoizoea, ya kinga kama maji ya mtungi yanayopungua na kujazwa, inatupotosha, na kwamba seli T, aina ya seli nyeupe za damu zinazoiongoza kinga, ndizo zinazoufichua upotofu huo waziwazi kuliko kitu kingine chochote mwilini. Kazi kubwa ya kinga ni kubagua: nani apigwe, nani aachwe, na vita vikome lini. Wingi wa askari ni sehemu ndogo tu ya habari.

Picha ya mtungi haikutujia hivi hivi. Nadhani tuliipata kutoka kwa neno moja ambalo kila msemaji wa Kiswahili analijua, nalo ni UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini. Kwa ugonjwa ule, jina hilo ni sahihi kabisa. Virusi vya UKIMWI huingia ndani ya seli T saidizi kwa kushika protini iitwayo CD4 iliyo juu ya ngozi ya seli hizo, na kadiri miaka inavyopita bila matibabu ndivyo seli hizo zinavyoisha. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 200, maradhi ambayo mwili ungeyazima kimya kimya huanza kumlaza mtu kitandani. Kwa miongo kadhaa mamilioni ya watu wameishi kwa kuulizwa CD4 zao ni ngapi, na maisha yao kweli yameitegemea hesabu hiyo. Kwa hiyo tulijifunza kinga ni nini kupitia ugonjwa unaoipunguza. Kilichotokea baadaye ni kwamba kipimo cha ugonjwa mmoja kikageuka kuwa maelezo ya kinga yote, na leo mtu mwenye mafua, mwenye mzio, mwenye uchovu na mwenye baridi yabisi wote wanaambiwa kwamba kinga yao imeshuka. Huyo wa mwisho anaambiwa kinyume cha ukweli, kwa kuwa kinga yake ndiyo inayovishambulia viungo vyake.

Turudi nyuma kidogo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, tezi ya thaimasi, iliyolala nyuma ya mfupa wa kidari, ilidhaniwa kuwa haina kazi ya maana. Mwaka 1961, Jacques Miller, akifanya kazi London, alieleza kilichowapata panya aliowatoa tezi hiyo mara baada ya kuzaliwa: walipungukiwa sana na limfositi (kundi la seli nyeupe za damu ambamo seli T zimo), waliugua ovyo, na waliweza kupandikizwa ngozi ya panya wengine bila kuikataa. Herufi T katika jina la seli T inatokana na tezi hiyo. Seli hizi huzaliwa ndani ya uboho kisha husafiri hadi kwenye thaimasi, na huko hupitia mtihani ambao kila ninapousoma upya naona jinsi tunavyokosea tunapoziita askari tu. Kila seli hujitengenezea kipokezi chake kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa bahati nasibu, hivyo hakuna ajuaye mapema itatambua nini. Asiyeweza kusoma kabisa vitambulisho vya seli za mwili huo hufa. Anayevishika kwa nguvu mno, kana kwamba mwenyeji ni adui, naye kwa kawaida huuawa. Wanaotoka hai ni wachache sana, chini ya mmoja kati ya kumi. Thaimasi hata ina jeni maalumu, AIRE, inayoifanya ionyeshe ndani yake sampuli za protini za viungo vya mbali, kama insulini ya kongosho, ili wanafunzi wake wajue mapema vitu ambavyo hawapaswi kuvigusa. Shule inayowaondoa wengi namna hii lengo lake haliwezi kuwa idadi.

Hata hivyo mtihani huo huvuja. Seli T zenye uwezo wa kushambulia mwili wenyewe hupatikana katika damu ya kila mtu mwenye afya, na swali la kwa nini hazifanyi hivyo ndilo lililowasumbua wanasayansi kwa muda mrefu. Mwaka 1969 watafiti wa Japani, Nishizuka na Sakakura, waliwatoa panya thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa badala ya siku ya kwanza. Kwa picha ya mtungi, panya hao wangepaswa tu kuwa na kinga haba. Badala yake majike walipoteza ovari zao, na kazi zilizofuata zikaonyesha kwamba viungo kadhaa vya panya wa namna hiyo vilikuwa vikiliwa na kinga yao wenyewe. Ina maana kulikuwa na kundi la seli linalochelewa kutoka thaimasi, na kundi hilo lilikuwa likiwazuia wengine. Dhana ya seli T zinazozuia ilishika kasi miaka ya 1970, kisha ikaporomoka vibaya miaka ya 1980, pale jeni ambayo nadharia nzima iliiegemea ilipotafutwa mahali ilipodaiwa kuwa na isionekane. Baada ya hapo, kusema habari za seli zinazozuia kulikuwa njia ya kujiharibia jina. Sakaguchi hakuiacha. Alikwishaona kwamba panya waliotolewa thaimasi siku ya tatu wanaokolewa wakichomwa seli T kutoka kwa panya wazima wenye afya, na kwake hilo lilikuwa jambo la kufuatilia bila kujali mitindo ya wakati. Mwaka 1995 alionyesha ni seli zipi: zina CD4, na juu yake zina alama nyingine, CD25. Ziondoe, na panya anaanza kujila.

Upande wa pili wa habari ulikuwa ukisubiri tangu miaka ya 1940 katika maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, ambako panya wa aina moja walikuwa wakizaa madume yenye ngozi ya magamba, wengu uliovimba na tezi za limfu zilizovimba, ambao walikufa wakiwa na wiki chache tu. Brunkow na Ramsdell waliitafuta jeni iliyoharibika katika kromosomu X ya panya hao, kazi ya uvumilivu kwa zana za miaka ya 1990. Walipunguza eneo la kutafuta hadi herufi 500,000 hivi zenye jeni 20, wakazikagua moja baada ya nyingine, na kosa likakutwa katika ile ya ishirini. Waliiita Foxp3. Mwaka 2001 wao na watafiti wengine walionyesha kwamba jeni hiyo hiyo ikiharibika kwa binadamu huleta ugonjwa adimu uitwao IPEX, ambao huwashika watoto wa kiume: kisukari wakiwa bado wananyonya, kuhara kusikokoma, ngozi iliyowaka. Miaka miwili baadaye Sakaguchi na wengine wakaunganisha ncha mbili hizo, kwamba Foxp3 ndiyo inayozifanya seli zile za CD25 kuwa kile zilicho. Leo tunaziita seli T za udhibiti, na kwa kawaida huwa kati ya asilimia 5 na 10 hivi ya seli zote za CD4.

Mfikirie mtoto yule wa IPEX. Mwili wake hauna uhaba wa seli T. Seli zinazopigana anazo, zina nguvu, na ndizo zinazomuua. Anachokosa ni wachache wa kusema basi. Ukimpa kitu kinachoongeza kinga kwa maana ya mtaani, umemharakishia kifo.

Wapo watakaonijibu kwamba huyo ni mgonjwa wa nadra, na kwamba kwa watu wengi tatizo halisi ni kinga dhaifu. Hoja hii ina uzito na sitaki kuipita juu juu. Utapiamlo mkali kwa watoto husinyaza thaimasi na kupunguza seli T. Upungufu wa madini ya zinki au wa vitamini A hudhoofisha kinga kweli, na kumrudishia mtoto alichopungukiwa humsaidia. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hurudisha seli za CD4, na zimeokoa maisha kwa kiwango ambacho tiba chache za zama zetu zinaweza kujilinganisha nacho. Chanjo nayo hukuza koo chache za seli T na za seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, hadi ziwe jeshi. Lakini tazama kila mfano kwa karibu. Wa kwanza unaziba pengo linalojulikana, na mtu asiye na pengo hilo hapati kinga ya ziada kwa kumeza zaidi. Wa pili unamzuia mharibifu ili mwili ujijenge wenyewe. Wa tatu unafundisha: unazionyesha seli chache sana adui mmoja, kwa kipimo, na kuziacha nyingine zote zilivyo. Hakuna hata mmoja unaopandisha kinga kwa ujumla wake.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayouzwa zaidi, ni kwamba kuna kitu cha kumeza kinachoinua kinga nzima na kwamba kuinuka huko ni heri kwa kila mtu. Tunajua kinachotokea kinga nzima inapoamshwa kwa mara moja, kwa sababu imewahi kutokea. Machi 2006, wanaume sita wenye afya waliojitolea kwa utafiti London walidungwa dawa iliyoitwa TGN1412, iliyokusudiwa, kwa kejeli chungu ya mambo, kuzikuza zaidi seli za udhibiti. Kiwango walichopewa kilikuwa sehemu moja ya 500 ya kile kilichoonekana salama kwa wanyama. Dawa hiyo ilibonyeza CD28, swichi iliyo juu ya seli T, bila kusubiri seli ione adui yeyote. Ndani ya saa mbili wote sita walikuwa wameanza kuugua, kwa maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na kabla ya siku kwisha walikuwa katika hali mahututi, viungo vikianza kushindwa kazi, kwa sababu seli T zao zilikuwa zimemwaga kemikali za uchochezi kwa pamoja. Walinusurika kwa matibabu ya dharura. Bakteria Staphylococcus aureus hufanya jambo linalofanana kwa sumu zake: antijeni ya kawaida, yaani kipande cha adui ambacho kinga hukitambua, huamsha seli T moja tu kati ya maelfu mengi, lakini sumu hizo zinaweza kuamsha hata moja kati ya tano, na mgonjwa huanguka kwa mshtuko. Mwenye kuuza kinachoongeza kinga yote ana mambo mawili tu ya kuchagua. Ama bidhaa yake haifanyi inachodai, ama inafanya na ni hatari. Kwa bahati njema karibu kila mara ni lile la kwanza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa intalukini-2, kemikali iliyotambuliwa miaka ya 1970 kama chakula cha seli T, kwani bila hiyo hazikui kwenye chombo cha maabara. Ilifuata mantiki kwamba panya asiye nayo angekuwa hana kinga. Watafiti walipomtengeneza panya huyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, walimkuta anaugua utumbo uliovimba kwa mashambulizi ya kinga yake. CD25, ile alama ya Sakaguchi, ni sehemu ya kipokezi cha intalukini-2, na seli za udhibiti ndizo zenye kiu kubwa zaidi ya kemikali hiyo. Kwa dozi kubwa imekuwa ikitumika Marekani tangu 1992 kutibu saratani ya figo iliyosambaa, kwa kuchochea seli zinazoua. Kwa dozi ndogo inajaribiwa kutuliza magonjwa ya kinga kujishambulia, kwa kulisha wadhibiti. Kitu ni kimoja. Sasa mtu aniambie: intalukini-2 inaongeza kinga au inaipunguza? Jibu halipo, kwa kuwa swali limeulizwa kwa lugha ya mtungi.

Janga la UVIKO-19 lilituonyesha jambo hilo mbele ya macho yetu, na bado hatukulisoma. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao RECOVERY ulionyesha kwamba deksamethasoni, steroidi ya bei nafuu inayoikandamiza kinga, ilipunguza vifo kwa theluthi moja hivi miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kwa waliokuwa hawahitaji oksijeni haikusaidia. Dawa moja, ugonjwa mmoja, tofauti ni hatua ya ugonjwa: mwanzoni unahitaji seli T zifike upesi, mwishoni unahitaji ziache kuyachoma mapafu. Wahudumu wa wagonjwa wa UKIMWI wenye kifua kikuu walikwishalijua hili siku nyingi. Mgonjwa huanza dawa za kufubaza virusi, CD4 zake zinapanda, na baada ya wiki chache homa inarudi, tezi zinavimba, kifua kinakuwa kibaya kuliko awali. Familia hudhani dawa zimemdhuru. Kumbe seli T zilizorejea zimewakuta bakteria ambao hazikuwa na nguvu ya kuwaona, na zimewavamia kwa pupa. Ndiyo sababu mtu mwenye kifua kikuu cha utando wa ubongo na uti wa mgongo haanzishwi dawa za virusi haraka kama wengine. Hata mahali ambapo upungufu ni wa kweli, kujaza peke yake hakutoshi.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na wanaoshangilia tuzo hii wanaweza kuliangukia: kudhani kwamba sasa utulivu ndio wema. Saratani nyingi hujizungushia seli T za udhibiti na kujificha nyuma yao. Tuzo ya Nobel ya 2018, ya James Allison na Tasuku Honjo, ilikuwa ya watu waliogundua jinsi ya kuachia breki mbili za seli T, CTLA-4 na PD-1, na wagonjwa wa saratani ya ngozi iliyosambaa ambao zamani walihesabiwa miezi leo baadhi yao wanahesabu miaka. Gharama yake inafundisha pia: breki zikiachiwa, wengine hupata utumbo uliowaka, tezi ya shingo iliyoharibika, na mara chache moyo ulioshambuliwa. Na waliopandikizwa figo, ambao seli T zao hutulizwa maisha yote ili zisiukatae mwili wa mwingine, hupata maambukizi na baadhi ya saratani kuliko watu wengine. Tuzo mbili hizi, ya 2018 na ya 2025, zisomwe pamoja. Moja inahusu kuachia, nyingine kushika, na zote mbili zinahusu chombo kile kile.

Nina ndugu mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia ngozi, viungo na figo za mwenyewe. Alipogundulika, watu waliompenda walimletea kila walichosikia kinaongeza kinga, na mmoja akamshauri aache steroidi kwa sababu zinashusha kinga. Walikuwa wanatumia mantiki waliyopewa na lugha yao, na mantiki hiyo ingempeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwa ajili ya watu kama yeye ndiyo maana ubishi huu juu ya maneno nauona kuwa ubishi wa uhai. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye seli T zake zimeua seli za kongosho zinazotoa insulini, anastahili kuelezwa ugonjwa wake kwa maneno yasiyomfanya aamini kwamba kinga yake ni haba. Tangu Novemba 2022 kuna dawa iliyoidhinishwa Marekani, teplizumabu, inayozishika seli T na kuchelewesha ugonjwa huo kwa miaka miwili hivi kwa walio ukingoni mwake. Mzazi atakayeambiwa kwamba dawa hiyo inatuliza kinga ya mwanawe ataikataa kwa hofu, kama kwake kinga ni kitu kisichopaswa kupungua kamwe.

Kiswahili hakikosi maneno ya kulisema jambo hili vizuri. Tuna kudhibiti, tuna kustahimili, tuna kubagua, tuna kiasi. Wanahabari wa afya wanaweza kuanza kwa kuuliza maswali matatu kila wanapoletewa habari ya kitu kinachogusa kinga: ni seli zipi, dhidi ya nini, na katika hatua gani ya ugonjwa. Wahudumu wanaompa mgonjwa majibu ya CD4 wanaweza kuongeza sentensi moja, kwamba namba hii ni kipimo cha madhara ya virusi hivi tu. Na yule anayesubiri tuzo ya 2025 izae dawa aelezwe kinachojaribiwa hasa: watafiti wanachota seli za udhibiti za mgonjwa mwenyewe, wanazikuza nje ya mwili na kumrudishia, wakitumaini kwamba figo iliyopandikizwa itakubalika kwa dawa kidogo, au kwamba mashambulizi yatazimwa kwenye kiungo kimoja na kuacha mwili mwingine ukiwa macho. Majaribio hayo bado yanaendelea, na yanaweza kushindwa. Seli zinazorudishwa zinaweza kupoteza Foxp3 na kugeuka washambuliaji, na hilo ndilo watafiti wanalolichunga kwa makini zaidi sasa.